Je, Ni Halali Kumtisha Mtoto Ili Afaulu?

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Septemba, watoto wa darasa la saba katika nchi yetu nzima hukaa madawatini kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Baada yao, katika miezi ya Oktoba na Novemba, huja wale wa darasa la nne, wa kidato cha pili na wa kidato cha nne. Na mwezi wa Mei ni zamu ya kidato cha sita. Kwa hiyo ni shida kuipata nyumba, tangu mitaa ya Iringo na Mwisenge mjini Musoma hata vijiji vya Bunda na Butiama, na kutoka huko hata pwani, isiyokuwa na mtoto anayengojea karatasi ya maswali. Tena ni shida kuipata nyumba ambamo hofu ya karatasi hiyo haijaingia.

Twaijua hofu hiyo kwa dalili zake. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri aanza kukesha. Tumbo lamuuma asubuhi ya mtihani, wala mganga haoni ugonjwa. Viganja vyatoka jasho, moyo waenda mbio, na jambo alilolijua jana jioni lamponyoka leo mbele ya msimamizi, kisha lamrudia akiisha kutoka nje, wakati ambapo halina faida tena. Wazazi wengi wakiona hayo husema, “Hakusoma.” Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi alisoma, na kilichomshinda si somo, ni hofu.

Basi leo twataka kuuliza swali ambalo wazazi na walimu wengi hawakupata kujiuliza, kwa kuwa jibu lake wameliona kuwa wazi: Je, ni halali kumtia mtoto hofu ili afaulu? Je, fimbo, matusi na vitisho ni njia njema kwa sababu tu lengo lake, yaani kufaulu kwa mtoto, ni jema?

Kwanza yafaa tuwe waadilifu kwa hofu yenyewe. Hofu kidogo si adui. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafanyia majaribio panya, wakaona kwamba katika kazi iliyo ngumu msukumo wa kadiri ulisaidia kujifunza, lakini ulipozidi ukaharibu. Wengi waliokuja baadaye wameona jambo la namna hiyo kwa wanadamu. Mvuvi wa ziwani ambaye haogopi dhoruba hata kidogo hatadumu. Lakini mvuvi anayetetemeka asiweze kushika kasia atazama hata katika maji matulivu. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi. Asiyejali kabisa hatafungua daftari, na aliyejawa na hofu atalifungua asione kitu.

Sababu yake si uchawi. Akili inapofanya hesabu au kutunga jibu hutumia sehemu ndogo ya kumbukumbu, kama meza ndogo ya fundi ambayo haiwezi kuchukua vyombo vingi kwa mara moja. Mtoto akijaza meza hiyo kwa mawazo ya namna ya “Nikishindwa baba atanifanyaje? Watu watasemaje?”, nafasi ya kufanyia kazi yapungua. Mwaka 1952 wataalamu George Mandler na Seymour Sarason wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba wanafunzi wenye wasiwasi mkubwa wa mtihani huvurugika zaidi wanapojua kuwa wanapimwa. Na wale walioendeleza uchunguzi huo walitenga mambo mawili: msisimko wa mwili, yaani jasho na mapigo ya moyo, na mashaka ya akilini. Katika hayo mawili, yanayoharibu zaidi kazi ni mashaka. Moyo kwenda mbio si kitu kikubwa. Kujihukumu kabla ya kuhukumiwa ndiko kunakomwangusha mtoto.

Wengine wakisikia hayo watasema, “Basi mitihani ifutwe.” Sisi hatusemi hivyo. Mtihani ni mizani, na mizani ikiwa ya haki humlinda mnyonge. Mahali pasipo mtihani nafasi hugawanywa kwa kujuana, na mtoto wa maskini asiyejulikana na mtu hubaki mlangoni. Mkoa wetu wa Mara wanao mfano ambao nchi nzima yaujua. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama aliingia shule ya Mwisenge, hapa Musoma. Mwaka 1936 alifanya mtihani wa mwisho wa shule hiyo, akapata alama za juu kuliko wanafunzi wote wa Jimbo la Ziwa na Jimbo la Magharibi, na mwaka uliofuata akaingia Shule ya Serikali ya Tabora. Mtoto huyo ni Julius Nyerere. Kweli alikuwa mwana wa mtemi, na huenda asingefika Mwisenge kama Burito baba yake hangekuwa mtemi. Lakini mbele ya karatasi ya maswali utemi wa baba haukumwandikia hata herufi moja. Mtihani ulimfungulia mlango.

Hata hivyo, yeye mwenyewe aliyefunguliwa mlango na mtihani ndiye aliyekuja kuonya juu ya ubaya wake. Katika maandishi yake ya Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, aliona kwamba katika watoto 100 wa shule za msingi ni kama 13 tu waliokuwa na nafasi ya kwenda sekondari, na kumbe shule nzima iliendeshwa kana kwamba imewekwa kwa ajili ya hao 13. Wengine 87 walitoka wakiwa na jina moja tu: walioshindwa. Kisha, mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma. Watu wengi walikumbuka Azimio la Musoma kwa sababu ya mpango wa kuwapatia watoto wote elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Lakini azimio hilo lilisema pia juu ya mitihani: kwamba si haki kumpima mtu kwa siku chache za mwisho tu, kana kwamba miaka yote ya kazi yake haikuwako. Tangu mwaka 1976 alama za kazi za kila siku zikaanza kuhesabiwa pamoja na za mtihani wa mwisho, na vijana wakatakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Sharti hili la pili lililegezwa baadaye, maana lilikuwa na taabu zake. Lakini wazo lililo chini yake halikuzeeka: mizani ipime kazi ya mtoto, isimvizie.

Basi ikiwa mtihani wenyewe si uovu, na hofu kidogo si uovu, uovu watoka wapi? Twaogopa kwamba watoka kwetu sisi wakubwa.

Tusikilize maneno yanayosemwa majumbani. “Nimeuza ng'ombe kwa ajili yako.” “Ukishindwa usirudi hapa.” “Mtazame mwenzako wa jirani.” “Utatuaibisha ukoo mzima.” Mzazi ayasema hayo akidhani amtia mwanawe bidii. Mtoto hasikii habari ya bidii. Asikia kwamba mahali pake nyumbani ni pa kukodi, na kodi yake ni alama. Huyo akienda kwenye mtihani hafanyi hesabu ya sehemu na desimali tu. Ajibu pia swali lisiloandikwa katika karatasi, yaani kama kesho atakuwa bado mtoto wa watu. Ni nani awezaye kukokotoa vizuri akiwa na swali kama hilo mezani?

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba hofu si moja. Iko hofu ya mtumwa, na iko hofu ya mwana. Mtumwa huogopa adhabu. Bwana akiondoka, hofu yaondoka na kazi yasimama. Mwana huogopa kumkosea anayempenda na kutengana naye. Hofu hiyo hukua kadiri upendo unavyokua, wala haimwondolei mtu nguvu. Alikuwa akisema juu ya Mungu na mwanadamu, lakini mzazi na mwalimu wanaweza kujipima kwa kipimo hicho. Mwanafunzi asomaye kwa sababu ya fimbo ataacha kitabu siku ile fimbo itakapovunjika. Mwanafunzi asomaye kwa sababu ameipenda kazi na hataki kuipoteza zawadi aliyopewa, huyo atasoma hata mahali ambapo hakuna anayemwona.

Na kabla ya Thomas, Mwafrika mmoja, Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Thagaste katika nchi iitwayo leo Aljeria mwaka 354, aliandika katika Maungamo yake juu ya utoto wake shuleni. Alipigwa kwa uvivu wa masomo, akamwomba Mungu asipigwe, na wakubwa, hata wazazi wake, wakayacheka mapigo yale ambayo kwake yalikuwa msiba mkubwa. Tena akatoa ushuhuda ambao kila mwalimu yafaa aufikiri. Kilatini alikijua bila kuteswa, katikati ya walezi waliombembeleza na watu waliocheza naye. Kigiriki alilazimishwa kwa vitisho na adhabu kali, naye akakichukia. Akahitimu kwamba hamu huru ya kujua ina nguvu zaidi katika kujifunza kuliko shurti la hofu. Hakusema kwamba nidhamu haina kazi, la. Alikiri kwamba hamu isiyo na mpaka yahitaji kuzuiwa. Lakini alijua tofauti ya ukingo wa mto na mto wenyewe. Ukingo huongoza maji. Hauwezi kuwa maji.

Hapa msomaji mmoja atatujibu kwa methali ya wazee: Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nasi twaiheshimu methali hiyo. Lakini tuisome vizuri. Yamlaumu mzazi anayeacha kumwongoza mtoto kwa kuogopa machozi yake. Haimsifu mzazi anayetafuta machozi. Kumwambia mtoto, “Zima redio, keti usome saa moja, kisha uniletee daftari nilione,” ni kumwongoza, hata akinuna. Kumwambia, “Ukishindwa wewe si mwanangu,” si kumwongoza, ni kusema uongo, kwa sababu mwana hawezi kuacha kuwa mwana kwa ajili ya alama. Nidhamu humpa mtoto njia ya kupita. Kitisho humwonyesha shimo tu, kisha chamwambia aruke.

Tukumbuke pia mfano wa Injili juu ya watumishi waliokabidhiwa talanta. Yule aliyeichimbia yake ardhini aliulizwa sababu, naye akajitetea kwamba alimwogopa bwana wake kwa kuwa ni mtu mgumu. Wenzake wawili walifanya biashara, yaani walithubutu kujaribu mahali ambapo mtu aweza kukosea. Hofu haikumfanya huyu awe mwangalifu zaidi. Ilimfanya asifanye kitu. Mara ngapi twaona jambo hilo darasani! Mtoto anayeogopa kuchekwa hanyoshi mkono, asiyenyosha mkono hasahihishwi, na asiyesahihishwa hafiki mtihani akiwa tayari. Hofu yaanza kuvuna miezi mingi kabla ya siku ya mtihani.

Lakini tusiseme kana kwamba hofu zote ni za kuwaza tu. Iko hofu yenye sababu kamili, na juu ya hiyo hatuna haki ya kumwambia mtoto, “Usiogope,” huku sababu tumeiacha mahali pake. Twasema juu ya mabinti. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, ni kosa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Hiyo ni kinga njema. Lakini kinga hiyo yamfuata binti kwa kuwa ni mwanafunzi. Je, akishindwa mtihani? Katika nyumba ambamo ng'ombe za mahari zimekwisha kuhesabiwa midomoni mwa wajomba, binti ajua kwamba karatasi ya maswali ndiyo ukuta wa mwisho kati yake na ndoa asiyoitaka. Mwezi wa Oktoba 1999 nchi yetu ilizikwa na simanzi ya kumpoteza Mwalimu; miaka 20 baadaye, mwezi wa Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti kuozwa kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba. Lakini hukumu ya mahakama haiingii jikoni yenyewe. Yaingizwa na baba. Baba anayetaka binti yake afanye mtihani kwa utulivu na amwambie, mbele ya mashahidi wa ukoo, kwamba akifaulu au akishindwa hataozwa. Hapo ndipo neno “Usiogope” litakuwa na maana.

Sasa tuseme juu ya alama zenyewe, kwa maana wapo wazazi wanaozichukua kana kwamba zimeandikwa na malaika. Mwezi wa Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitaharuki, na Waziri Mkuu akaunda tume. Mwezi wa Mei serikali ikasema matokeo yale yafutwe na yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia, na wengi walioitwa sifuri wakaonekana wamepata daraja. Basi tujiulize: maarifa ya watoto wale yaliongezeka kati ya Februari na Mei? Hayakuongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni njia ya kupanga madaraja. Hatusemi haya ili kuwadharau watunza mizani. Twasema ili mzazi ajue kwamba alama ni habari juu ya kazi fulani, iliyofanywa siku fulani, na kupimwa kwa njia fulani. Ni habari ya maana, lakini si hukumu juu ya mtu.

Tena iko sababu nyingine ambayo kwa nchi yetu ni kubwa. Mtoto wa shule zetu nyingi za msingi asoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha afikapo kidato cha kwanza masomo karibu yote yageuka kuwa ya Kiingereza. Mara nyingi twasema mtoto huyo hajui hesabu au biolojia, kumbe hakulielewa swali. Kanisa lapaswa kuwa na huruma maalumu kwa huyo, likimkumbuka Mtakatifu Yohane Maria Vianney wa Ufaransa. Alipokuwa seminari Kilatini kilimshinda, na alipopelekwa mbele ya watahini akaulizwa kwa Kilatini alibabaika akakataliwa. Baadaye alipoulizwa kwa Kifaransa, alijibu vizuri. Akapewa upadre mwezi wa Agosti 1815, na parokia yake ndogo ya Ars ikawa mahali pa kukimbiliwa na maelfu ya watu waliotafuta ushauri. Kama wale wa kwanza wangekuwa na neno la mwisho, Kanisa lingemkosa mlinzi wa mapadre wa parokia.

Hatutaki kuwaacha wasomaji wetu na mawazo tu. Yako mambo ya kutenda.

Ninyi wanafunzi, dawa ya kwanza ya hofu ni kujiandaa, na kujiandaa kuna njia yake. Kusoma ukurasa uleule mara kumi hutia mtu moyo, lakini hudanganya. Mwaka 2006 wataalamu Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliosoma kisha wakajijaribu kukumbuka bila kutazama walikuwa, baada ya juma moja, wakikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Basi funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua ujisahihishe. Fanya maswali ya miaka iliyopita kwa saa ile ile itakayowekwa, ili siku ya mtihani isiwe ngeni. Haba na haba hujaza kibaba. Wala kukesha usiku wa mwisho hakujazi kibaba, maana katika usingizi akili huyapanga na kuyashika yale yaliyosomwa mchana. Na ukiwa una mashaka mengi, yaandike. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika juu ya mashaka yao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Ukiisha kukaa, vuta pumzi pole pole, uitoe pole pole zaidi, mara chache. Soma maswali yote, anza na lile unalolijua. Moyo ukienda mbio, usiseme, “Nimekwisha.” Sema, “Mwili wangu wajiweka tayari.”

Ninyi wazazi, mwaka wa mtihani mpunguzieni mtoto kazi, hasa binti, ambaye mara nyingi atoka shuleni akaingia jikoni, akatoka jikoni akaenda ziwani kuchota maji, na kitabu akakishika wakati macho yamekwisha kufumba. Mpatieni taa ya kusomea na mahali pa kukaa. Usiku wa kuamkia mtihani msimhutubie. Asubuhi mpeni uji au kiporo cha mihogo, asiende na tumbo tupu. Mwambieni maneno machache yaliyo kweli: “Umefanya kazi, nenda kaifanye uliyoijua, nasi tutakungoja kwa chakula cha jioni.” Kisha iwe kweli kwamba chakula chamngoja, kwa sauti ile ile, alama ziwe zo zote.

Ninyi walimu, twajua mzigo wenu. Nanyi mwaogopa, kwa kuwa jina la shule yenu hupimwa kwa matokeo, na hofu ya mwalimu mkuu humshukia mwalimu wa darasa, kisha humshukia mtoto ambaye hana wa kumshushia. Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha desturi ya kuwataja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Lilifanya vema; basi nasi tusiirudishe desturi hiyo ukutani mwa darasa, kwa orodha inayomtangaza wa mwisho mbele ya wote. Na juu ya viboko, kanuni za mwaka 2002 ziliviwekea mipaka: visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu wa shule, viandikwe kitabuni, tena viwe kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Mtoto aliyekosa hesabu ana haki ya kufundishwa hesabu.

Mwisho, tuseme juu ya siku ambayo watu hawapendi kuisema: siku ya matokeo. Wako watakaoshindwa. Siku hiyo mzazi na awe karibu, asimwache mtoto asome jina lake peke yake katika simu ya mtu. Asitoe hukumu siku hiyo, wala asilinganishe. Mtoto akisema, hata kwa mzaha, kwamba ni heri afe, msimcheke wala msimkaripie. Mketi naye, msimwache peke yake, mwiteni mtu anayemwamini, na mpelekeni hospitali akaonwe. Maneno hayo si utoto. Yakipita siku za machozi, ndipo mzungumze juu ya njia: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenda chuo cha ufundi, au chuo cha maendeleo ya wananchi. Fundi anayejenga nyumba isiyobomoka hakuulizwa na mvua alipata daraja la ngapi.

Turudi kwenye swali letu. Je, ni halali kumtisha mtoto ili afaulu? Twajibu kwamba si halali, kwa sababu mbili. Ya kwanza, haifai kitu: hofu iliyozidi huiba akili ileile tunayotaka aitumie. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ingesimama hata kama vitisho vingefaa. Mtoto hakupewa kwetu ili tuvune alama kutoka kwake. Amekabidhiwa kwetu ili akue. Anayemtisha mtoto kwa kumwondolea upendo auza kitu asichokuwa na haki ya kukiuza. Tudai bidii, tudai ukweli, tudai daftari safi na saa ya kusoma. Lakini mahali pa mtoto mezani petu pasiwe jambo la kushindaniwa, maana hapo ndipo apatapo nguvu za kwenda kushindana kwingine.